Mkanda Mweusi na Kibaka wa Stendi

Sogeeni bwana, kahawa bado ipo, na leo nina jambo limenikaba koo. Hivi mmewaona hawa vijana wetu wa karate hapa Babati? Mmewaona, msinifiche. Alfajiri baridi ya mlima Kwaraa inashuka inakata masikio, wao wako barabarani pekupeku, nguo nyeupe, mikanda imefungwa barabara, wanahesabu Kijapani mpaka mbwa wa Bagara wanaamka. Ichi! Ni! San! Nawapenda, kweli kabisa nawapenda. Kijana anayeamka saa kumi na moja kukimbia ni kijana ambaye jana yake hakukesha kilabuni. Mzazi ukimwona mwanao kavaa ile nguo, shukuru Mungu. Lakini sasa mwulize swali moja tu, swali la mjini: mwanangu, ukishikwa ukosi pale stendi saa mbili usiku, unafanyaje? Aaah! Hapo ndipo utachoka.

Kwanza atakurudisha nyuma hatua mbili. "Mzee, simama pale. Sasa nirushie ngumi ya kulia, kifuani, polepole." Unarusha, mkono unauacha hewani ulivyoagizwa, na yeye anaanza kazi: anaupangua, anakupiga mbavu, anakupiga shingo, anakufagia mguu, anamalizia kwa ukelele mmoja mpaka muuza kashata anadondosha sinia. Wenzake wanapiga makofi. Wewe bado umesimama, mkono hewani, unasubiri ruhusa ya kuushusha. Juzijuzi hapahapa kijiweni mzee mwenzetu, fundi baiskeli, mikono imekomaa kwa spana, akaambiwa amshike kijana shati aonyeshwe dawa yake. Akamshika. Tatizo akamshika kweli, na akavuta. Kijana akayumba, akajikwaa kwenye benchi, akasema kwa uchungu, "Si hivyo mzee! Nishike halafu utulie." Halafu utulie! Wazee tukatazamana. Tobaa! Kibaka gani wa Babati hii anakushika halafu anatulia?

Mazoezi ya namna hiyo ni sawa na kujifunza bodaboda ikiwa imesimamishwa kwa stendi ya kati. Gia unapiga, moto unavuta, tairi la nyuma linazunguka kwa nguvu zote, mtaa mzima unasikia mlio, na hujatoka pale ulipo hata hatua moja. Siku ukishushwa barabara ya Singida, lori mbele, ng'ombe pembeni, ndipo utajua kwamba hukuwahi kuendesha.

Sasa wapo wale wenzangu wa benchi la pili, wakisikia hivi wanadakia, "Si tulisema! Karate ni ngoma ya Wajapani, haisaidii kitu." Na nyie nyamazeni. Mbinu zenyewe hazina ubaya. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu: mbinu za karate ya zamani ni nzuri, ni kali, na nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya mhuni wa aina hiihii ya stendi. Kilichoharibika ni namna tunavyozifanyia mazoezi. Kisu ni kisu, lakini ukikinoa kwa mgongo miaka mitano, usije ukakilaumu siku ya kuchinja.

Mimi lawama ya kwanza naipeleka kwenye vibanda vya video. Mnakumbuka? Mabenchi ya mbao, turubai dirishani, joto la kuchemsha mayai, na Bruce Lee anapiga watu ishirini huku hajatoa jasho. Yule bwana alifariki Julai 1973, wiki chache tu kabla sinema yake ya Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa, na kwetu aliendelea kupigana miaka na miaka. Baadaye ikaja sauti ya Lufufu inamtafsiria Mchina kwa Kiswahili cha mjini, basi ndiyo kabisa. Tukatoka pale kila mtu steringi, na steringi hafi. Tulirukia migomba ya watu, tulivunja milango ya vyoo vya majirani, kuna waliojipiga wenyewe usoni kwa vipande viwili vya mti vilivyofungwa mnyororo. Wala hatukujali kwamba Bruce Lee hata karate haikuwa yake; alianzia mapigano ya Kichina, Wing Chun, kule Hong Kong. Kwetu lolote lenye teke ni kareti tu. Na ubaya wa sinema ni kwamba adui anakuja mmoja mmoja. Wapo ishirini, lakini kumi na tisa wanacheza miguu pembeni wakisubiri zamu. Salaale! Nani kaona vibaka wa hapa wakipanga foleni?

Na bado nchi hii haikukosa walimu. Miaka ya 1970, wakati Wamarekani weusi wengi walipoitazama Tanzania kuwa nyumbani, alifika Dar es Salaam Nantambu Camara Bomani, akaanza kufundisha Goju-Ryu ya Okinawa pale Zanaki. Hekalu la Kujilinda, ndivyo palivyoitwa. Hiyo ndiyo mizizi ya Goju-Ryu nchini. Na Goju-Ryu, ndugu zangu, si mchezo wa mateke ya angani. Ni mtindo uliowekwa na Chojun Miyagi, mtu wa Okinawa aliyezaliwa 1888 akafariki 1953, na ni kazi ya karibu, pua kwa pua. Kuna zoezi lao la wawili kusimama mkono kwa mkono, kifundo kimegusana na kifundo, huyu anasukuma, huyu anavuta, kila mmoja anatafuta pa kumyumbisha mwenzake. Kuna Sanchin, ambayo ukiitazama kwa haraka utadhani mtu anatembea na tumbo linamuuma, kumbe anajifunza kusimama asing'oke akisukumwa. Kuna kunyanyua mitungi kwa ncha za vidole ili mkono ukishika uwe umeshika. Haya yote ni mambo ya kushikana! Kibaka anashika, na dawa yake ni mtu aliyezoea kushikwa. Lakini nenda kawaambie vijana waje kunyanyua mitungi ya mchanga, uone kama watabaki watatu. Wanataka teke la kuruka, wapigwe picha, picha iende kwenye magrupu. Nikaishia kusonya.

Nisiwaonee vijana peke yao. Ugonjwa huu ni wa zamani, na ulianzia hukohuko kwa wenyewe. Mwaka 1901 mwalimu mmoja wa Okinawa, Anko Itosu, aliingiza karate katika shule ya msingi. Nia njema kabisa: watoto wawe na afya, wanyooke migongo, wawe na adabu. Lakini hebu fikirieni wenyewe, una darasa zima la watoto uwanjani, utawafundisha kuvunja kiwiko cha mtu na kutia kidole jichoni? Wazazi wangemla yule mzee mzimamzima! Basi makali yakafunikwa. Mapigo yakabaki lakini maana yake haikuelezwa, watoto wakapangwa mistari, wakahesabiwa. Gichin Funakoshi naye mwaka 1922 akaenda kuionyesha Tokyo, ikaingia vyuo vikuu, mistari ikawa mirefu zaidi, hatua zikawa ndefu zaidi, na baadaye mashindano yakaja na waamuzi na bendera. Hiyo ndiyo iliyosambaa duniani, na hiyo ndiyo iliyotufikia wengi huku kwetu. Na cha kusikitisha, Itosu mwenyewe mwaka 1908 aliandika barua akaeleza wazi kwamba karate haikukusudiwa kwa pambano la kuitana na mtu mmoja. Ni ya kujiokoa siku mhuni au mhalifu amekuvamia. Mzee wa watu aliandika, akaweka na wino. Nani alimsikiliza?

Hebu nichukue mfano mmoja tu, halafu mniambie kama sina haki ya kupandwa na presha. Ule mkono wa kiunoni. Mmeuona: kijana anapiga ngumi ya kulia, mkono wa kushoto anaurudisha kiunoni kwa nguvu, kiganja juu, amekunja ngumi. Muulize, mwanangu, huo mkono wa kiunoni unafanya nini? Atakwambia unaongeza nguvu. Mwingine atakwambia ni utaratibu, sensei, yaani mwalimu, kasema. Wakati huohuo mkono uko kiunoni, taya liko wazi, mtu yeyote aliyekulia mtaa wa Maisaka akiligonga linageuka. Lakini sasa weka kitu ndani ya huo mkono! Weka mkono wa kibaka. Weka shati lake. Mshike kifundo, uvute mpaka kiunoni kwako kwa nguvu zako zote, na hapohapo anavyokuja na kichwa kwa sababu umemvuta, ngumi ya kulia inakutana naye njiani. Aisee! Jambo zima linaeleweka kwa mara moja. Hakuna tena taya wazi, maana mkono wake unao wewe, hawezi kuutumia. Wengi wa waliochimba mambo ya kale wanalisoma tendo lile hivyo. Vijana wetu wanavuta hewa kila alfajiri, mwaka mzima, na hakuna aliyewapa kitu cha kushika.

Na kile kizuizi cha chini, mkono unashuka kwa kishindo mbele ya paja. Wanaambiwa ni cha kuzuia teke. Mtu mzima aliyezoea kubeba magunia ya mbaazi akurushie teke la buti, ulizuie na kifupa cha mkono? Utaenda hospitali ya mkoa na plasta utavaa. Lakini ukishikwa mkono, tendo lilelile, ukilifanya kwa kuelekea upande wa dole gumba la aliyekushika, linamng'oa. Kidole gumba ndicho mlango wa kiganja. Vinne vingine vinabana, kile kimoja kinasalimu amri. Jaribuni sasa hivi hapo mlipo. Wewe mshike huyo. Mshike vizuri! Haya, toa upande wa dole gumba. Umeona? Bibi yako anaweza.

Kwenye mashindano ndiyo usiseme. Mliitazama mwaka 2021, Olimpiki ya Tokyo? Karate imeingia kwa mara ya kwanza, kwao ilikokulia, fainali ya wanaume wazito. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia anaongoza pointi 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Hamedi akarusha teke la juu, likaenda moja kwa moja kwenye shingo na kichwa cha Muirani, Muirani chini, kimya, kalala kabisa, wakamtoa kwa machela. Sisi wa kijiweni tungesema kazi imekwisha, mleteni mshindi. Waamuzi wakakaa, wakajadiliana, wakasema: Hamedi umeumiza kupita kiasi, umetolewa. Dhahabu apewe aliyelala! Akazinduka, akaambiwa bingwa ni wewe. Jamani! Jamani! Na kwa sheria za mchezo wao waamuzi hawakukosea, maana pale pigo linatakiwa lidhibitiwe, mguso tu, si kumwua mtu. Mchezo lazima uwe na mipaka, vijana wa watu wana mama zao nyumbani. Lakini mtu aliyezoea miaka kumi kuzuia pigo lake nukta moja kabla ya mwili, siku ya kibaka mwili wake utazuia vilevile. Mkono unafanya ulichoufundisha. Michezo ya Paris ya 2024 karate haikuwemo, na hapa benchi lilipokea habari hizo bila msiba.

Msije mkadhani basi teke halifanyi kazi. Mwaka 1993 Wamarekani waliweka pambano la kila mtu na mtindo wake kule Denver, ndilo lililozaa UFC, na watu wa ngumi na mateke wakakamatwa, wakaangushwa, wakakabwa na Mbrazili mwembamba, Royce Gracie, hajavaa hata misuli. Dunia nzima ikasema karate imekufa. Kisha akaja Lyoto Machida, naye wa Brazil, mtoto wa mwalimu wa karate ya Shotokan, kafundishwa na baba yake tangu utotoni. Mwaka 2009 akachukua ubingwa wa UFC, na mwaka 2011 kule Toronto akamwangusha Randy Couture kwa teke la mbele la kuruka, lilelile vijana wanalolirusha pale uwanjani kila siku. Sasa tofauti ni nini? Machida alipigana na watu wanaompinga. Alianguka, alishikwa, alikabwa, akajua teke lake linaishi wapi na linakufa wapi. Teke ni lilelile. Aliyelibeba ndiye tofauti.

Turudi mjini kwetu, maana naona mnaanza kuangalia saa. Hatari ya Babati mnaijua. Hakuna mtu atakayekusimamia mbele, akuinamie kwa heshima, arudi nyuma hatua mbili. Roba inatoka nyuma, mkono shingoni, mwingine mifukoni. Pochi inakwapuliwa na pikipiki inayopita, na ukiing'ang'ania unaburuzwa. Mlevi anakuja na chupa, na anayekuja naye kumwamulia ndiye anakupiga. Kibaka ana bisibisi kwenye mkono wa sweta, huioni mpaka ikuguse. Na wale wanaokwenda kwa makundi? Mwaka 2022 Dar es Salaam watu walilala kwa hofu, genge la Panya Road wanaingia majumbani na mapanga. Kundi la mapanga halina kata yake, ule mfuatano wa mapigo wanaoukariri karate. Dawa yake ni mlango imara, jirani anayeitika, na miguu. Mwalimu wa karate asiyewafundisha watoto kukimbia, huyo simwelewi, na simwelewi kwa moyo wangu wote. Simu ikiombwa kwa bisibisi, toa simu! Simu inauzwa pale sokoni. Ini la mwanao haliuzwi.

Na tena sisi tuko Manyara, tusijifanye hatujui kupigana mpaka tusubiri meli kutoka Okinawa. Nenda mnadani umtazame kijana wa Kibarbaig na fimbo yake. Hana mkanda. Hajui kuhesabu Kijapani. Lakini ile fimbo kaishika tangu hajaota meno ya ukubwani, kachunga nayo, kacheza nayo na wenzake, kagongwa nayo vidole akalia, akajifunza. Fimbo iko mkononi usiku na mchana, wala hana haja ya kukumbuka mbinu namba saba. Kijana mmoja wa mkanda wa kahawia alituambia hapa kwamba mwenye fimbo utamdaka mkono ikiwa bado juu. Nikamwambia, mdogo wangu, ukifika mnadani usiseme hivyo kwa sauti.

Sasa nisikilizeni kwa hili, maana hapa ndipo roho yangu ilipo. Nairobi, mtaa wa Korogocho, kuna mabibi. Mabibi kabisa, shosho wenye mvi, wamefiwa na waume, wamelea wajukuu. Wahuni wakawa wanawaingilia nyumbani, wanawabaka. Mabibi wakakusanyika, wakaunda kikundi wakakiita Shosho Jikinge, wakajifunza kujilinda. Hawakujifunza teke la kuruka. Walijifunza kupiga kelele ya kutoka tumboni. Kiganja kwenye pua. Kiwiko. Goti. Kupiga pale panapouma mwanaume yeyote hata awe na kifua cha namna gani. Mapigo yote hayo yamo kwenye karate ya zamani, yamejaa tele kwenye kata, kiganja na kiwiko na goti, lakini pale Korogocho yametolewa peke yake, machache, na yanarudiwa kwa nguvu kwenye gunia la kupigia huku bibi anapaza sauti.

Na kwa mabinti pia walijaribu, wakapima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuata wasichana wa sekondari wa mitaa ya mabanda ya Nairobi waliopewa saa 12 za mafunzo, ndani ya wiki sita. Kabla ya mafunzo, asilimia 24.6 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono ndani ya mwaka mmoja. Robo ya darasa! Hapo hata kahawa haipiti. Baada ya mafunzo ikashuka mpaka asilimia 9.2, na zaidi ya nusu ya wale wasichana wakasema wameshatumia walichofundishwa kujinasua. Saa 12. Vijana wetu saa 12 hawajamaliza hata kujifunza kufunga mkanda. Na sehemu kubwa ya mafunzo yale ilikuwa mdomo: kujua kwamba una haki ya kukataa, kukataa kwa sauti, kumtazama mtu machoni, kuondoka mapema. Maana mara nyingi anayemdhuru binti ni mtu anayemjua, si jitu la vichakani. Ni mtu anayemwita mwanangu, dereva anayembeba kila siku, ndugu aliyekuja kulala sebuleni. Ngumi ya hatua ndefu haina nafasi sebuleni, hata meza tu inazuia.

Ndiyo maana nikiona baba kamwandikisha mtoto wa kiume karate, wa kike kamwacha nyumbani anaosha vyombo, nasonya mpaka mate yanakauka. Nani anarudi shule jioni peke yake kupitia mashamba ya mahindi yaliyokomaa, mahindi marefu kupita mtu, huoni hatua tatu mbele? Si ndiye huyo wa kike? Mmh! Baba anasema karate itamkomaza binti misuli, atakosa mchumba. Wazee wa benchi hili walimwambia maneno siwezi kuyarudia mbele ya watoto.

Liko na suala la sheria, na hapa vijana mkae vizuri. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujilinda, kumlinda mwenzako na mali yako. Lakini inataka nguvu ya kadiri, inayolingana na hatari iliyokufika. Mtu kakusukuma kwenye foleni ya mafuta, wewe ukamvunja shingo kwa sababu ulijifunza namna ya kuvunja shingo, hapo hujajilinda. Kituoni utaingia na mkanda wako mweusi mkononi na hautakusaidia kitu. Na tena tahadhari na ile kelele ya "Mwizi!" Mnajua hapa kwetu ikipigwa kinachofuata: mawe, matairi, petroli, na mara nyingine aliyelala pale wala hakuwa mwizi. Ukimwangusha mtu, ondoka, ita polisi, ita balozi wa nyumba kumi, ita mama yako. Usimwite mtu mwenye tairi. Hao walimu wa Okinawa wenyewe walikazania kwamba mtu wa karate hatangulii kupiga, na heshima iko mwanzo na mwisho wa kila kitu. Hilo nalo kumbe ni mbinu ya kujilinda, na ndilo linaloruka kwanza vijana wakishafika mkanda wa kijani. Mkanda wa kijani una majivuno sijui unapakwa nini!

Niliwatuma vijana wakamwambie mwalimu wao, kwa heshima zote, shikamoo kwanza. Aendelee na kata, asiiache hata moja, maana ndiyo maktaba. Aendelee na mistari ya alfajiri, inawajenga mapafu. Lakini jioni moja kwa wiki avue hizo nguo nyeupe. Wavae jinsi, kanga, sare ya shule, gambuti la shambani. Wafanyie kwenye kichochoro, giza linaingia, si kwenye nyasi za uwanja. Mmoja ashikwe ukosi na mwenzake mwenye nguvu, na mwenzake asitulie. Avute, asukume, amtukane, ambane ukutani. Mwingine atoke pembeni bila kupangwa. Aliyeshikwa apige kelele, atumie ule mkono wa kiunoni na kitu ndani yake, apige kiganja kwenye gunia, halafu akimbie mpaka barabara yenye taa. Wafanye polepole kwanza, kisha kwa nguvu, wakiwa wamevaa kinga. Wataumia kidogo, watacheka, watakasirika, wiki ya tatu utaona macho yamebadilika. Na mlango uwe wazi kwa mabinti na mama zao, na bibi akitaka kuja na fimbo yake aje.

Vijana wakarudi jana na jibu. Mwalimu kaafiki, tena kafurahi, kasema alikuwa akilifikiria siku nyingi ila wazazi wanapenda mateke ya juu siku ya kupandishwa mikanda. Tatizo moja tu, wanasema: wakishikana kweli, mashati yatachanika, na mama zao hawatawaelewa. Ebo! Hilo nalo ni tatizo la kuleta kwa wazee? Siku ya mnada mitumba imemwagwa chini hapo, shati la kushikwa ukosi unalipata kwa hela ya kahawa. Nunueni matano, shoneni vifungo vizuri, na yule fundi baiskeli kasema yuko tayari kuja kuwa kibaka, bure, kila Jumatano.